Zimwi Lenye Jina la Mtu

Kiti kiliburutwa sakafuni, kikawekwa katikati ya mlango, na Mzee Wabwile akakikalia.

Hapo ndipo tulipomwacha Jentrix juma lililopita: sebuleni kwa wakwe zake, Matulo, kikombe cha chai mkononi, na mezani mbele yake hadithi yake mwenyewe, imechapwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa amekuja kusalimia. Alikuwa amepanga kuwa Bungoma mchana ule. Badala yake, mama mkwe wake, Wilkista, alikuwa amegonga zile karatasi kwa kidole na kumuuliza swali.

Kwa wale ambao gazeti liliwapita, swali lilikuwa hili:

"Nani alikuambia habari ya Nakhungu?"

Jentrix aliweka kikombe chini polepole.

"Hakuna mtu, Mama. Nakhungu ni zimwi. Nimemtunga."

"Umemtunga."

"Ndiyo. Ni linani, zimwi la kwetu, kama wale wa hadithi za nyanya zetu. Anakula majina ya watu. Akishakula lako, hata aliyekuzaa hakukumbuki."

"Nimesoma. Usinieleze kama mtoto, mimi kidato cha nne nilimaliza." Wilkista alifunua ukurasa wa pili. "Hapa watu wanamtafuta huyu Nakhungu msituni. Wanamkosa. Wanarudi nyumbani wanazika mgomba badala ya mwili. Halafu siku moja anarudi na njaa. Hiyo pia ulitunga?"

"Si kila mtu anajua kuzika mgomba? Mtu akipotea na mwili usionekane, watu watafanya nini? Hata kwetu walizika."

"Na jina?"

"Akina Nakhungu ni wengi, Mama."

"Wengi sana," Wilkista alikubali. "Lakini waliozikwa kama mgomba mimi namjua mmoja tu."

Mlangoni, Mzee Wabwile alikohoa. Hakugeuka.

Sasa tuseme mambo yalivyokuwa, maana Jentrix mwenyewe hakuweza kuyasema.

Jentrix alikuwa mfanyakazi wa maabara katika hospitali moja ya Kitale. Jioni aliandika hadithi za kutisha. Mwaka ule Bwana Shafi, mchapishaji mdogo mwenye ofisi karibu na msikiti mjini Bungoma, alitangaza kwamba anakusanya hadithi za mazimwi kwa ajili ya kitabu. Masharti yake yalikuwa machache na makali. Zimwi liwe la hapa nyumbani. Lisiwe na mabawa ya kuazima kwa wageni. Na mwandishi athibitishe mwenyewe kurasa za mwisho kabla hazijaingia mtamboni, la sivyo nafasi yake apewe anayefuata.

Jentrix alituma. Hadithi ilirudi na maneno ya Shafi pembeni: "Zimwi lako halina jina, ndiyo maana linatisha watoto tu. Lipe jina la mtu. Jina ambalo msomaji ana mjomba anaitwa hivyo."

Wiki hiyohiyo, kazini, chupa ya damu ilipita mikononi mwake. Juu yake paliandikwa Nakhungu. Jina lilimpendeza kwa uzito wake. Alilichukua, akalipa zimwi, akatuma tena. Shafi akalikubali siku iliyofuata.

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Alijiambia kwamba jina ni jina tu. Lakini jina la mgonjwa halitoki maabara, kwa sababu yoyote ile. Mwenzake mmoja alifukuzwa kazi kwa kumnong'onezea mchungaji majibu ya muumini. Kumwambia Wilkista ukweli kungekuwa kosa la pili juu ya la kwanza.

Kwa hiyo alinyamaza.

"Ungekuwa umelitoa kichwani, ungesema," Wilkista alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ungekuwa umelisikia kwa majirani, ungesema, maana wewe si mtu wa kuogopa majirani. Ni kitu gani mtu wa maabara hawezi kusema, Jentrix?"

"Mama, hilo swali siwezi kulijibu."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi."

Wilkista aliketi. Aliketi ghafla, na kochi likalia chini yake.

"Basi yuko hai," alisema.

"Wewe mwanamke!" Mzee Wabwile aligeuka kwa mara ya kwanza. "Maiti haitolewi damu!"

"Nani ametaja damu?"

Mzee alirudisha uso uani.

"Mimi sijataja damu," Wilkista alisema. "Huyu hajataja damu. Wewe umeitoa wapi?"

Mzee aliinuka. Kisha akakigeuza kiti chake kitazame ndani, akaketi tena, miguu imepanuliwa kutoka mwimo hadi mwimo.

"Mwambie basi," alisema. "Si unataka kumwambia? Mwambie, ajue anacheza na nini."

Wilkista hakumtazama. Alimtazama Jentrix.

"Nakhungu ni kaka mkubwa wa huyu mzee. Mimi nilikuwa bibi yake."

"Bibi ya nani?"

"Ya Nakhungu. Huyo ndiye alinioa. Alienda Mlima Elgon kupasua mbao na hakurudi. Walitafuta mpaka wakachoka. Wazee wakasema amekufa, mgomba ukazikwa hapo nyuma ya jikoni. Watu walilia, chakula kikaliwa. Halafu huyu akanirithi mimi, na shamba la Saboti akarithi. Vyote pamoja."

"Kwa haki!" Mzee alisema. "Kwa mila! Nilikuiba? Si uliulizwa mbele ya watu?"

"Niliulizwa. Ningesema nini, na mimba ilikuwa tayari ya miezi kadhaa?"

Jentrix alikuwa mtu wa hesabu, na hii haikuwa hesabu ngumu. Wilkista alikuwa na mtoto mmoja wa kiume.

"Kevin," alisema.

"Kevin," Wilkista alijibu.

Mume wa Jentrix, basi, hakuwa mtoto wa mwanamume aliyeziba mlango. Alikuwa mtoto wa mgomba.

Na hapo ndipo Jentrix alipoona jambo lote kwa ukamilifu. Shamba la marehemu hurithiwa. Shamba la mtu aliye hai likichukuliwa, tendo hilo lina jina lingine. Kitabu kikitoka na jina la Nakhungu ndani yake, na mgomba, na kurudi kwake, kitasomwa Bungoma, kitasomwa Kitale, na bila shaka kitafika Saboti. Watu wa Saboti hawangehitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini yeye pia alikuwa na lake. Jina lile lilikuwa la mgonjwa, naye ndiye aliyelitoa nje. Lilipaswa kutoka katika hadithi kabla mtambo wa Shafi haujaanza kuzunguka. Dawa yake ilikuwa simu moja.

Simu ikalia.

Ilikuwa yake. Ililia ndani ya chumba cha kulala cha wakwe zake, ambako ndiko kulikokuwa na soketi pekee inayofanya kazi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeipeleka ichajiwe, kwa ukarimu ambao Jentrix alikuwa ameushukuru.

Chumba hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia tu. Hatua chache. Lakini mke wa mtoto haingii chumba cha kulala cha baba mkwe. Hata nyumba ikiungua. Jentrix hakuwahi kukiona ndani, na hakuna mke yeyote Matulo aliyewahi kuona cha kwao.

"Inalia, Mama," alisema.

"Nasikia."

"Naomba uniletee."

Wilkista alimtazama mumewe.

"Haitoki," alisema Mzee. Kisha akatabasamu. "Ama mwalimu wa mazimwi ataenda kuichukua mwenyewe? Pazia si hilo? Ingia, bana."

Simu ilinyamaza. Ikaanza tena.

"Ni Bwana Shafi," Jentrix alisema. "Kurasa zinaingia mtamboni leo. Asiponipata ataniondoa."

"Hapo umesema vizuri. Akuondoe. Ati anaweka nani?"

"Mtu wa Myanga. Ameandika zimwi la kinu cha posho."

"Hilo ni zuri. Kila mtu anapenda ugali." Mzee alijikuna kidevu. "Lakini mimi si mtu mbaya. Simu utapewa. Utaongea hapa, nikisikia. Utamwambia aondoe hadithi, yote, na asiichape hata siku nyingine. Halafu utakunywa chai yako iliyopoa na utarudi Kitale kwa amani."

"Jina nitalitoa, Baba. Hilo nakubali. Hadithi inabaki."

"Yote."

"Jina ndilo lenye mwenyewe. Mengine ni yangu."

"Na mgomba?"

"Migomba si ya boma hili peke yake."

Mzee alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Msichana wa watu, angalia madirisha. Yana nondo. Mlango wa nyuma hatuna. Mimi nina chakula, nina kivuli, nina siku nzima. Nitakaa hapa mpaka huyo Mwislamu wako afunge ofisi. Sijakufungia. Mlango uko wazi. Pita."

Pita!

Tunajua sote kwa nini hangeweza. Mke wa mtoto na baba mkwe hawashikani mikono. Hawapishani penye nafasi finyu. Leso ya mmoja ikimgusa mwingine, wazee wa ukoo wanaitwa, kondoo anachinjwa, na habari inafika sokoni kabla nyama haijaiva. Mzee Wabwile hakuhitaji kufuli. Alihitaji kiti tu.

Jentrix alitazama dirisha: nondo, zimeingizwa kwenye simenti. Alitazama pazia. Alitazama mlango na kuupima kwa macho. Kati ya goti la mzee na mwimo hapakuwa na nafasi ya kupita hata kuku aliyenyonyolewa.

Simu ililia mara ya tatu.

Kisha akafikiria jambo ambalo, kwa akili yake ya maabara, alishangaa hakulifikiria mapema. Mwiko ule haukuandikwa kwa ajili ya wake peke yao. Ulikuwa na watu wawili ndani yake. Kama yeye hakuruhusiwa kumgusa mzee, mzee naye hakuruhusiwa kuguswa. Na katika wawili hao, ni nani aliyekuwa mzee wa kanisa? Ni nani aliyekaa na wazee wa ukoo kuamua kesi za wengine?

Alisimama. Akajifunga leso vizuri kiunoni. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?" aliuliza Mzee.

"Umesema nipite, Baba."

"Wewe. Simama hapo."

"Nakuja."

"Nimesema simama!"

"Baba, mimi sisimami. Ukibaki hapo tutagusana, goti kwa goti, na Mama yuko hapa ameona. Kesho utawaeleza wazee ilikuwaje ukakaa mlangoni miguu imepanuliwa hivyo, mke wa mtoto wako yuko ndani."

"Wilkista! Mshike huyu!"

"Nina presha," alisema Wilkista, na hakusogea.

Jentrix hakupunguza mwendo. Meza. Ukingo wa zulia. Alinyoosha mkono mmoja mbele yake, kama mtu anayesukuma pazia.

Mzee Wabwile aliruka.

Aliruka juu kama chura aliyemwagiwa maji moto. Kiti kilianguka chali. Patipati moja ilibaki kizingitini na mwenyewe alikuwa tayari yuko katikati ya ua, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyevuliwa nguo, akipiga kelele kwamba wasichana wa siku hizi wamelaaniwa.

Jentrix alikiruka kiti na kutoka nje. Jua lilimpiga usoni.

Nyuma yake alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu aolewe. Wilkista alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza alijifuta macho, akainuka, akaingia nyuma ya pazia bila kumuuliza mtu ruhusa, akatoka na simu mkononi.

"Shika," alisema, akija hadi barazani. "Weka sauti kubwa. Na mimi nisikie."

Jentrix alipiga.

"Jentrix!" Shafi alipokea kabla hata haijalia vizuri. "Dada, nimepiga mpaka kidole kimekufa ganzi. Mtambo umewaka. Uko ndani ama uko nje? Huyu wa Myanga ananisumbua na kinu chake, ananipigia ati amekiongezea meno."

"Niko ndani. Lakini toa jina la Nakhungu. Kila mahali. Weka lolote."

"Siwezi."

"Shafi, nisikilize. Ni jina la mtu."

"Najua ni la mtu. Mtu mwenyewe yuko hapa. Amekaa kwenye kiti changu na amemaliza mahamri yangu yote."

Wilkista alishika nguzo ya baraza.

"Amejuaje?" Jentrix aliuliza. "Kitabu hakijatoka. Hakuna mtu ameisoma."

"Alisomewa. Anasema jina lisiguswe. Mimi nimechanganyikiwa, wallahi, mimi nilitaka zimwi la kwenye karatasi tu. Ngoja, aliyemleta anataka simu."

Palikuwa na mkwaruzo. Kisha sauti ambayo Jentrix aliijua kuliko zote duniani.

"Jentrix. Uko sawa?"

Asubuhi ile Kevin alikuwa amesema anaenda Webuye kununua mbolea.

Jentrix alikuwa amechapa nakala mbili tu za hadithi. Moja alimpelekea Shafi. Ya pili alimpa mumewe aisome. Na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa mezani ndani, imebanwa kwa pini.

"Ni wewe uliwaletea wazazi wako karatasi," alisema.

"Ni mimi."

"Na ukajua nitakaa hapa niulizwe."

"Nilijua hutasema uongo, na nilijua hutasema siri. Mama angejua kwa kunyamaza kwako. Ningemletea mtu aliyezikwa bila kumtayarisha, presha ingemmaliza. Huyo mzee nilimpata Saboti, mgonjwa, anaishi kwa watu, akanitajia jina lake na la Mama. Mimi ndiye nilimpeleka hospitali yenu. Niliposoma hadithi yako nikaona jina, nikasema hii ndiyo njia."

"Umenifanya chambo, Kevin."

"Ndiyo."

"Hilo tutalizungumza nyumbani. Si leo. Mpe simu huyo mzee."

Pumzi nzito ilisikika, ya mtu mwenye kifua kibovu.

"Wewe ndiye mwandishi?" iliuliza sauti ya mzee. "Na ni wewe ulishika damu yangu?"

"Hilo sijibu, mzee wangu. Hata kwako, kwa simu sijibu."

"Vizuri. Basi mimi nasema bila kuulizwa. Jina ni langu. Nimekaa bila kuitwa hilo jina miaka, mahali nilikuwa watu walikuwa wananiita tu 'huyo wa mbao'. Ulilipa linani, sawa, afadhali linani kuliko hakuna. Liandikwe."

Jentrix alifikiri kwa muda wa pumzi moja. Siri ni ya mgonjwa. Mgonjwa alikuwa ameifungua mwenyewe, mbele ya mashahidi.

"Shafi, umesikia?"

"Nimesikia, na mafundi wangu wamesikia."

"Basi nathibitisha. Jina libaki. Chapa."

"Alhamdulillahi! Kinu kimekwisha!" Shafi alipiga makofi, na nyuma yake mtambo ukaanza kunguruma, karatasi baada ya karatasi. Hadithi ya Jentrix ilikuwa imeingia kitabuni, na hakuna mkono wa Matulo ambao ungeweza kuitoa tena.

Mzee wa kwenye simu hakuwa amekata.

"Kuna mtu anapumua hapo kando yako," alisema. "Ni nani?"

Jentrix alimtazama mama mkwe wake. Wilkista aliusogeza mdomo karibu na simu.

"Ni mimi."

Mtambo ulinguruma. Kisha Kevin akaichukua simu.

"Mama, tunakuja. Tunapanda gari sasa hivi. Jentrix, kaa naye, usimwache peke yake."

Simu ilikatika. Wilkista alikuwa ameanza kujipapasa kichwani, kutafuta kama kitambaa chake kimekaa sawa, kwa vidole vya msichana.

Ndipo waliposikia mnyororo.

Waligeuka wote wawili. Boma lile lilikuwa na geti moja la chuma, na ua wa seng'enge kuzunguka pande zote. Mzee Wabwile, mguu mmoja una patipati na mwingine hauna, alikuwa amelivuta geti likafungwa. Alipitisha mnyororo mara moja, akaurudia mara ya pili, akabana kufuli kubwa la stoo. Kisha akakitupa kijifunguo ng'ambo ya ua, ndani ya mahindi ya jirani, mbali kadiri mkono wake ulivyoweza.

Akainama. Aliposimama tena alikuwa na panga mkononi, lile la kukatia majani ya ng'ombe.

"Nimesikia yote," alisema, kwa utulivu ambao hawakuutarajia. "Hakuna mtu atatoka hapa. Na hakuna maiti itaingia."